Kulaza mbwa wa watu nyumbani, Malindi: ukuta, kupe na jirani

Mwenye mbwa wa Malindi husafiri baada ya Pasaka. Nyumba za Casuarina na za njia ya Mayungu hufungwa moja moja, Wataliano wanarudi kwao, na mwenye mbwa wawili anaanza kuuliza ni nani atakayekaa nao mpaka Julai. Kazi ipo hapo. Msimu wa pili ni Desemba na likizo ya Agosti: familia inashuka na gari kutoka Nairobi pamoja na mbwa wao, hoteli inawakatalia getini, wanatafuta mahali pa kumwacha siku tano.

Itazame kalenda hiyo vizuri kabla ya kununua hata bakuli moja. Wateja wa muda mrefu wanakuja masika, na pwani hii Mei ndio mwezi wa mvua kubwa. Mvua huleta kupe, nzi, tope na manyoya yasiyokauka. Banda litajaa wakati uleule ambapo kulisafisha ni shida kuliko wakati wowote wa mwaka. Anayepiga hesabu zake kwa hali ya Januari atashangaa Mei.

Kabla ya banda, mtaa. Waislamu wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: nguo au chombo kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mfikirie mtoto anayekwenda chuo cha Kurani asubuhi, kanzu imepigwa pasi, juzuu kwapani. Mbwa wako ametoka kuogeshwa, anajikung'uta mbele yake. Mtoto anarudi nyumbani kubadilisha, anachelewa, mwalimu anauliza, mama naye anajua mbwa ametoka wapi. Jirani hatakuja kukugombeza. Ataacha kukuamkia, na ukifika wakati wa kuhitaji saini yake au kauli njema yake kwa mzee wa mtaa, hutaipata.

Kwa hiyo mitaa ya Malindi kama Shela, Barani na Kisumu Ndogo, kwenye nyumba zinazogusana, si mahali pa kazi hii. Lamu mjini ndiyo kabisa. Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, una vichochoro ambavyo punda akipita na mzigo watu hujibanza ukutani. Hakuna namna ya kumpitisha mbwa pale bila kugusa mtu. Ule ni mji wa paka. Wa Lamu anayetaka biashara hii atafute shamba bara, au aanze na kazi ya kwenda kulisha mbwa nyumbani kwa wenyewe. Kwa Malindi, tafuta kiwanja chenye nafasi angalau upande mmoja usio na jirani wa karibu, huko njia za pembeni ambako watu wana mashamba.

Jirani Mwislamu hamchukii mbwa. Mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda anajulikana katika dini na hana ubishi. Anachotaka ni umbali. Mpe umbali huo kwa vitendo. Mbwa watoke na kurudi saa ambazo watoto wa chuo hawako njiani, kamba isizidi mita 1.2 mkiwa barabarani, na anayetembeza ahamie upande wa pili akiona mtu anakuja, bila kungojea kuombwa. Nenda ukawaambie majirani kabla ya mbwa wa kwanza kufika, na uende mwenyewe, usimtume kijana.

Kuna jambo la adhana pia. Mbwa wengi huitikia sauti ndefu kwa kulia, na mbwa wanne wakilia pamoja wakati wa alfajiri, mtaa mzima utajua jina lako. Usiwapigie kelele, maana kelele yako nayo ni sauti ya kuitikia. Dawa ni kuwalaza chumba cha ndani chenye feni, na kuwapa kitu cha kulamba au kutafuna kama dakika tano kabla ya adhana, kila siku, bila kuruka. Kulia hupungua kadiri mbwa anavyozoea kuwa wakati ule mdomo una kazi. Mwezi wa Ramadhani ongeza na wapiga daku, ambao hupita usiku wa manane na ngoma zao. Mgeni wa kutoka Nairobi hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mlaze chumba cha mbali zaidi na barabara.

Makaratasi hayana mengi. Chukua leseni ya biashara ya Kaunti ya Kilifi, na upate barua ya mwenye nyumba ikiwa umepanga. Ofisi ya mifugo ya kaunti ikufahamu mapema, kwa sababu siku mbwa atakapomuuma mtu utawahitaji wakujue tayari. Sheria za Kenya zinazokuhusu moja kwa moja ni ile ya kichaa cha mbwa, sura ya 365, na ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360. Daktari wa mifugo uliyekubaliana naye awe amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, na simu yake ya usiku uwe umeijaribu usiku.

Sasa ukuta. Mbwa anayelala kwake haruki, hachimbi, hatoroki. Mbwa aliyeachwa kwa mtu hufanya yote matatu, hasa saa 48 za kwanza, kwa sababu anamtafuta mwenyewe. Urefu wa mita 1.8 unatosha mbwa wengi. Vipande vya chupa juu ya ukuta, kama ilivyo desturi yetu, viondoe: havimzuii mbwa aliyekwisha kuruka, vinamchana tumbo na nyayo. Badala yake weka wavu wa waya wenye upana wa sentimita 40 unaoinamia ndani. Chini ndiko kunakosahaulika. Udongo wetu ni mchanga, mbwa anauchimba kama anapiga kasia. Kama uzio ni wa wavu, ufukie sentimita 30 ardhini na ujaze mawe ya matumbawe na saruji kando yake.

Geti liwe mawili. Jenga kijichumba cha mita mbili kwa mbili mbele ya geti la nje, na sheria iwe moja: mlango wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umefungwa. Mbwa hutoroka mgeni akiingia: mwenye mkokoteni wa maji, kijana wa bodaboda aliyeleta nyama, fundi. Komeo la kawaida la kusukuma mbwa mwerevu hulifungua kwa pua baada ya siku chache za kukutazama. Tundika ndoana ya springi kwenye tundu la komeo. Ni kitu cha pesa ndogo dukani kwa vifaa vya ujenzi, na kinamaliza mchezo huo.

Kila mbwa awe na chumba chake cha kulala, kama mita 1.5 kwa mbili, na ua mdogo wa mita tatu mbele. Kati ya chumba na chumba jenga ukuta usiopenya macho mpaka mita 1.2. Mbwa wanaotazamana usiku kucha kupitia wavu hawalali, na wasiolala hupigana asubuhi. Sakafu iwe saruji laini yenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, ikimwaga kwenye mfereji unaokwenda shimoni mbali na kisima.

Wengi huuliza kwa nini saruji wakati mchanga ni wa bure na ni baridi. Jibu ni nzi. Yuko nzi mkubwa wa rangi ya manjano na kahawia anayetaga mayai kwenye mchanga wa kivulini ulionuka mkojo, au kwenye nguo yenye unyevu. Mtoto wake akianguliwa hukaa mchangani akingoja joto la mwili, na mbwa akilala anaingia ngozini. Siku nane mpaka kumi na mbili baadaye utaona jipu lenye tundu katikati, na ukitazama kwa makini, tundu linapumua. Watu humwita funza, ingawa funza halisi wa vidoleni ni kiroboto, na huyo naye yumo mchangani. Paka mafuta mazito kama Vaseline yazibe tundu, ngoja mpaka mdudu asogee juu kutafuta hewa, kisha kamua polepole kutoka pembeni kwa vidole viwili. Ukimkatia ndani, kidonda kitaoza. Matandiko ya mbwa yaanikwe juani kabisa mpaka yakauke kavu, na wakati wa masika, jua lisipotosha, yapigwe pasi ya moto pande zote. Matandiko yaliyokaukia kivulini ndiyo yanayoleta majipu kumi kwa mbwa mmoja.

Paa la makuti ni zuri, linapoza kuliko mabati, lakini liwe juu, zaidi ya mita 2.5, na kuta zilizo chini yake zipigwe lipu hadi juu. Sababu ni kupe, na hapa inabidi tukae kidogo.

Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa ndani ya nyumba. Wengi wanadhani anatoka majanini tu, wanakata nyasi, wanashangaa kupe hawaishi. Jike akishashiba damu huanguka kutoka kwa mbwa, anapanda ukuta, anaingia kwenye ufa au kwenye fito za makuti, na huko anataga mayai kwa maelfu. Utawaona watoto wao baada ya wiki kadhaa, wadogo kama chembe za ufuta, wakitembea kwenda juu ukutani. Wakati huo kumpulizia mbwa dawa peke yake ni kuteka maji kwa pakacha. Ziba kila ufa kwa saruji, paka chokaa, pulizia kuta na dari dawa ambayo daktari amekubali mbwa wakiwa wametolewa, na rudia baada ya wiki mbili ili uwapate walioanguliwa baadaye.

Zuia zaidi kuliko kutibu. Sharti la kuingia liwe dawa ya kupe iliyotolewa angalau siku mbili kabla ya mbwa kufika: kidonge kama Bravecto, kinachofanya kazi wiki 8 hadi 12 kulingana na aina ya kupe, au NexGard ya kila mwezi. Hata hivyo mbwa akifika, kabla hajakanyaga ndani, mkague dakika 15 kwenye kile kijichumba cha getini. Anza ndani ya masikio, shuka chini ya ukosi, kwapani, kati ya vidole vyote, malizia chini ya mkia. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta sawasawa bila kuzungusha, mtupe kwenye chupa ya spiriti. Usitumie mafuta ya taa wala moto wa sigara. Kupe akishtuka hutapika ndani ya damu, na humo ndimo ugonjwa ulimo. Andika idadi yao kwenye daftari mbele ya mwenye mbwa na umwonyeshe chupa.

Chupa ile ndiyo inayokuokoa baadaye. Homa ya kupe, ile inayoletwa na kijidudu cha ehrlichia, hujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa. Mbwa aliyekuja nayo ataugulia kwako. Aliyeipata kwako ataugulia kwao. Kila upande utaapa. Dalili zake ni kukataa chakula, ufizi kupauka, madoa mekundu tumboni, pengine damu puani. Babesia, ugonjwa mwingine wa kupe, hufanya mkojo uwe kama chai ya rangi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38.3 na 39.2; nunua kipimajoto cha dijitali cha binadamu, kipake mafuta, kiingie nyuma. Likipita 39.5 na mbwa amepumzika kivulini, mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje kesho. Na ukiwa una paka nyumbani, soma vibandiko: dawa ya mbwa yenye permethrin humuua paka.

Mbu wa hapa nao hawabebi malaria peke yake. Minyoo ya moyo ipo pwani, na ipo minyoo mingine ya mbwa na paka, Brugia patei, iliyopewa jina la kisiwa cha Pate kwa sababu ilipatikana huko, ikaelezwa mwaka 1958. Uliza kama mbwa anapewa kinga ya minyoo ya moyo kila mwezi na tarehe gani, usije ukairuka kwa kutokujua. Minyoo ya tumbo, dawa kila miezi mitatu.

Chanjo: cheti, si maneno. Kichaa cha mbwa kila mwaka, na kama ndiyo chanjo ya kwanza ziwe zimepita siku 21. Chanjo ya pamoja ya parvo na distemper, magonjwa ya virusi ya mbwa, nayo iwe hai. Mtoto wa mbwa asipokelewe mpaka wiki mbili baada ya chanjo yake ya mwisho, ambayo hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Kukataa mtoto wa mbwa ni vigumu, kwa sababu ni mzuri na mwenyewe yuko tayari kulipa. Mkatae. Virusi vya parvo hukaa udongoni hata mwaka, na sabuni haiviui. Kinachoviua ni dawa ya kufulia ya klorini: mililita 50 za ile ya asilimia 3.5 katika lita moja ya maji, ikae dakika kumi, sakafuni ambapo kinyesi kimeshaondolewa na kuoshwa kwanza. Klorini ikikutana na uchafu inaishiwa nguvu kwenye uchafu huo, haifiki kwenye virusi. Na ichanganywe siku ya kutumia. Ile ya ndoo ya juzi iliyokaa juani ni maji tu.

Mbwa akimuuma mtu, awe wewe, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyo kwa sindano za kichaa, hata cheti cha mbwa kikiwa safi. Mbwa afungwe peke yake na kuangaliwa siku kumi, na ofisi ya mifugo iarifiwe. Usimuue wala usimrudishe kwao haraka.

Jike uulize joto lake la mwisho, la kutaka dume, lilikuwa lini. Wengi hawajui. Likija akiwa kwako, kwa wiki tatu mbwa koko wa mtaa wote watalala nje ya ukuta wako, na dume ulilonalo litakataa kula. Mtu anayeanza asipokee jike asiyefungwa uzazi akiwa na madume ndani.

Ufukweni ndiko mwenye mbwa anakotaka apelekwe, na ndiko ajali nyingi zilipo. Kubwa ni bunju, yule samaki anayejivimbisha. Wavuvi wakivuta jarife humtupa bunju mchangani kwa sababu wanajua ni sumu, mbwa hajui. Akimla, midomo inaanza kulegea, anatapika, miguu ya nyuma inakataa, kisha kupumua kunasimama. Sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa, kinachomwokoa mbwa ni kusaidiwa kupumua mpaka ipite, na hapa kwetu hilo si la kutegemea. Kwa hiyo karibu na madau yanaposhushia samaki, mbwa awe kwenye kamba na kichwa juu. Pili ni maji ya chumvi. Mbwa anayecheza mawimbini huyanywa, na jioni anaharisha na kutapika. Beba lita moja ya maji matamu kwa kila mbwa mkubwa na umpe kabla hajaomba. Maji ya kisima cha chumvi nyumbani yana shida hiyohiyo. Wape ya bomba. Tatu ni mlango wa Sabaki: pazuri, lakini pana viboko na mamba, usiende na mbwa. Na viota vya kasa vikiwa mchangani, mbwa asiye na kamba atavifukua.

Saa za kutembea ni kabla ya saa moja na nusu asubuhi na baada ya saa kumi na moja na nusu jioni. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami hesabu mpaka saba. Ukishindwa, yeye naye nyayo zake zitaungua. Mbwa wa pua fupi, bulldog na wenzake, Februari na Machi wasitoke kabisa mchana. Akihema kwa nguvu, ufizi ukawa mwekundu wa damu ya mzee, akayumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na feni impulize. Barafu isimguse. Joto lake likishuka hadi 39.5 acha kummwagia, mpeleke kwa daktari.

Nyoka hatuwezi kuwaruka, kwa maana Malindi na Watamu ni kwao. Swila mkubwa wa kahawia anayetema, Naja ashei, alitambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Mbwa humfuata nyoka kwa pua, kwa hiyo sumu inaishia machoni. Osha macho kwa maji safi mengi dakika 15 hadi 20, kichwa kimeinamishwa upande ili maji yasiingie jicho la pili, na usimwache ajifikiche kwa mguu. Bafe ni tofauti: anauma, uso unavimba kama mkate wa kumimina. Hakuna kufunga kamba, hakuna kuchanja wembe, ni gari na daktari. Kuni, makumbi ya nazi na mabati ya zamani ndani ya ua ni nyumba za panya, na panya ndiye anayemwita nyoka. Sumu ya panya nayo usiweke mahali penye mbwa. Dalili zake mara nyingi hutoka siku ya tatu mpaka ya tano, wakati umeshasahau.

Chakula kiletwe na mwenyewe, cha siku zote na ziada ya siku tatu, na kijiko au kikombe anachopimia. Kubadilisha chakula ghafla ndiyo sababu ya kwanza ya kuharisha siku ya pili. Kikiisha, changanya robo ya kipya kila siku mbili mpaka umalize wiki. Wanaokula kwetu wapewe ugali wa dona na omena iliyooshwa mara tatu kutoa mchanga, bila kitunguu hata kidogo. Mifupa iliyopikwa hapana. Na msimu wa maembe, okota asubuhi na jioni: kokwa la embe likimezwa hukwama utumboni, na kulitoa ni kisu.

Usiku wa majaribio ni lazima, hata kwa mteja aliyetoka mbali. Usiku mmoja unaonyesha kama mbwa atakula bila mwenye mbwa kuwepo, kama anapanda ukuta, kama anauma akiwa na bakuli. Mbwa wapya wakutanishwe nje ya geti, kila mmoja na mtu wake, mkitembea sambamba mita tano mbali, mkisogea kidogo kidogo, si kuwafungulia uani na kungoja. Kwenye fomu andika pia maneno anayoyajua, kwa lugha anayoijua. Mbwa wengi wa hapa wanasikia Kitaliano: *seduto* ni keti, *vieni* ni njoo, *basta* ni acha. Ukimwambia “njoo” atakutazama tu, na kwenye geti lililo wazi kutazama huko ni ghali. Mkesha wa mwaka mpya, fataki za hoteli zikianza, wote wawe ndani tangu saa mbili usiku, wenye kamba shingoni.

Anza na mbwa wawili. Mtu mmoja akiwa na msaidizi mmoja, wanne watano ni mwisho.

Bei watu huikosea kwa njia ileile. Wanahesabu nafasi, hawahesabu siku tupu. Tuseme msaidizi, maji, umeme, dawa na usafi vinakula shilingi 36,000 kwa mwezi, na una nafasi nne. Nafasi nne kwa siku 30 ni usiku 120, kwa hiyo utasema gharama ni shilingi 300 kwa usiku. Lakini ukichukua mwaka mzima, na miezi ile ya katikati ambayo geti halifunguliwi, nusu ikijaa shukuru Mungu. Gawanya kwa 60: ni 600 kabla hujajilipa wewe. Anayetoza 500 kwa sababu jirani anatoza 500 anamlipa mteja ili amlishie mbwa.

Nusu ya pesa ilipwe kwa M-Pesa kabla, iliyobaki siku ya kuchukuliwa. Kwenye makubaliano ya maandishi, ambayo kwa Malindi yafaa yawe kwa Kitaliano pia, weka mambo matatu bila haya: kiasi ambacho daktari anaruhusiwa kutumia bila kumpata mwenye mbwa kwa simu, jina la mtu aliye Kenya anayeweza kuamua mwenye mbwa akikosekana, na kinachofuata siku 14 zikipita baada ya tarehe ya kurudi bila habari. Wapo wanaorudi Ulaya na wasiwahi kurudi. Bila mstari huo, mbwa ni wako na gharama ni zako.

Kuna mteja mmoja mzuri ambaye wengi hawamfahamu. Mbwa anayehamishiwa Ulaya kutoka Kenya anahitaji kijichipu chini ya ngozi, chanjo ya kichaa, kisha kipimo cha damu kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, na kuanzia siku damu ilipotolewa kusubiri miezi mitatu kamili. Wenye mbwa hugundua hilo tiketi ikiwa mfukoni. Wao wanaondoka, mbwa anabaki kwako miezi mitatu ikilipwa kwa mwezi. Mwambie daktari wako akutumie watu hao, na nakala ya kila karatasi ikae kwako pia.

Siku ya kumrudisha, mpime uzito kama ulivyompima alipofika: panda mzani naye mikononi, toa uzito wako. Mbwa mkubwa asiyebebeka apimwe kwa daktari, siku zote mbili kwenye mzani uleule. Kupungua kilo moja kwa mbwa wa kilo 20 ni kawaida wiki ya kwanza. Zaidi ya mbili kuna jambo. Mkague kupe mbele ya mwenyewe, masikio hadi mkia, andika sifuri au idadi, atie saini chini ya ile ya siku ya kuingia. Kisha mwambie amtazame wiki tatu: akikataa chakula au ufizi ukipauka, akupigie wewe na daktari siku hiyohiyo.